Wiki Kumi na Mbili Tu

(Hotuba iliyosomwa na fundi mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi. Tumeichapa hapa kwa kuwa wanachama wengi walikuwa zamu siku ile na wameuliza ilisema nini. Kura ya mambo yaliyoombwa mwishoni itapigwa katika mkutano ujao. Msomapo, wasomeeni na wenzenu. – Mhariri)



Nashukuru kupewa nafasi hii. Mnanijua, mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na mengine yote nimefundishwa na tupa, nyundo na wazee wa karakana. Kwa hiyo msitazamie Kiswahili cha redioni. Nataka kusema juu ya vijana wenye ulemavu walio katika vyuo vya ufundi, na juu ya kazi inayowangoja au isiyowangoja wakimaliza. Najua wengine mtasema, “Hayo ni mambo ya Serikali na ya makanisa, chama kinahusika nini?” Ngojeni kidogo, mtaona chama kinahusika nini.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mahali lilipotendeka sitapataja, wala jina la mtu sitalitaja, maana sikuja kushtaki mtu ila mimi.

Miaka kadhaa iliyopita ililetwa barua karakanani kwetu. Chuo kimoja cha ufundi kiliomba nafasi kwa kijana aliyekuwa akijifunza kuchomea vyuma. Alitaka atachimenti, yaani yale mafunzo ya kazini ambayo kila mwanafunzi wa ufundi lazima ayafanye kabla ya kupewa cheti chake. Kijana mwenyewe alikuja na barua, ameitia ndani ya karatasi ya nailoni isilowe. Alikuwa hasikii na hasemi.

Msimamizi akatuita sisi mafundi akatuuliza, “Nani atamchukua?” Tukatazamana. Basi mimi, kwa kuwa nina mdomo, nikajibu kwa niaba ya wote: “Bwana, hapa ni vyuma na kreni. Kiziwi atauawa hapa, na sisi ndio tutakaoandikiwa makosa. Karakana si mahali pa walemavu.” Wenzangu wakaitikia. Msimamizi akaandika maneno hayo katika barua yake ya majibu. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, anatazama midomo yetu. Nadhani alielewa kabla barua haijaandikwa. Alikunja karatasi yake, akatuinamia kichwa kwa adabu, akaenda zake.

Mimi nilirudi kwenye kazi yangu nikiona nimefanya jambo la busara. Wala sikumfikiria tena.

Sasa sikilizeni lililofuata. Haukupita muda mrefu, mwenzetu mmoja wa kupanga mabehewa alinaswa mguu kati ya magurudumu na reli. Usiku, mvua, na mawe yanayoteleza. Ninyi nyote mnajua kazi ile. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Alipopona alirudi na magongo, akaomba kazi ya kuketi. Wakati huo nilikuwa mwakilishi wa wafanya kazi, basi nikaenda ofisini kumsemea. Nilisema vizuri sana siku ile. Nilisema kuna kazi za mezani, kuna stoo, kuna kutengeneza mota za umeme, mtu anaweza kuzifanya ameketi.

Bwana mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili, akatoa ile barua ya msimamizi, akanisomea: “Karakana si mahali pa walemavu.” Akaniuliza, “Haya si maneno yenu ninyi mafundi? Au kuna walemavu wenu na walemavu wa watu wengine?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Nilikuwa nimejenga ukuta wa kumzuia mtoto wa mtu, na ukuta ule ule ukamwangukia rafiki yangu.

Sheria ilikuwa upande wetu, hilo nilijifunza baadaye. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mtu kazini au kumfukuza kwa sababu ya ulemavu. Tulibishana miezi mingi. Mwisho mwenzetu alichoka, akachukua fidia yake akaondoka. Na fidia yenyewe mnaijua. Sheria ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inasema aliyelemaa kabisa kwa maisha yake hulipwa kiasi cha mishahara ya miezi 96, na aliyepoteza kiungo hulipwa sehemu yake kwa kadiri ya kiungo. Fedha hizo ni haki yake. Lakini fedha huliwa zikaisha. Ada za shule, kodi ya nyumba, jamaa wenye shida. Ufundi hauishi. Bwana huyu alikuwa na akili, akatumia sehemu ya fedha kujiandikisha katika chuo cha ufundi. Leo anajifunza umeme, hasa kufunga upya nyaya za mota. Ni mtu mzima mwenye watoto, ameketi darasani na vijana. Muhula ujao atahitaji mahali pa atachimenti.

Mnaona sasa? Yule “mwanafunzi mlemavu” tunayemwambia aende kwa kanisa ni mtu wetu. Alilipa ada ya chama hiki miaka mingi.

Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako nieleze kidogo jinsi vyuo hivi vilivyo, maana wengi wetu hatuvijui.

Nchini Kenya tuna vyuo vya ufundi vilivyowekwa kwa ajili ya watu hawa. Kuna chuo cha vipofu cha Machakos. Kuna chuo cha viziwi cha Karen hapa Nairobi, na kingine cha viziwi Nyang’oma upande wa Siaya. Kuna Sikri upande wa Homa Bay, kinachochukua vipofu na viziwi pia. Tena wako wengine wengi ambao wamo katika vyuo vya kawaida pamoja na wanafunzi wote, kama alivyo mwenzetu wa mguu mmoja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuingia katika shule na vyuo, kufika mahali pote pa watu na kupanda vyombo vya usafiri, na kutumia Lugha ya Ishara, maandishi ya Braille au njia nyingine inayomfaa.

Hayo ni maneno mazuri, na yamesaidia. Lakini kijana anaweza kusoma vizuri chuoni, akapita mitihani, kisha akakwama kwetu. Chuo kinaweza kumpa mkalimani wa ishara na vitabu vya nukta. Chuo hakiwezi kumpa karakana yenye kazi halisi, yenye mteja anayengoja na msimamizi anayetazama saa. Hicho tunacho sisi. Chuo kinamkatia tikiti, lakini mlango wa behewa umeshikwa na fundi. Fundi ndiye anayesema “njoo” au “nenda zako”, na ndiye anayeeleza kitabu cha mwanafunzi kiandikwe nini.

Na kuna jambo jingine. Kwa kuwa vijana hawa hawajawahi kuona ndani ya karakana, hata hawajui waombe kazi gani. Mara nyingi husukumwa kwenye kufuma, kusuka vikapu na kushona ngozi, si kwa kuwa ndizo wanazozipenda, bali kwa kuwa hakuna mtu aliyewauliza. Kazi hizo zina heshima yake. Mnamkumbuka Henry Wanyoike, mkimbiaji wetu. Alipofuka mwaka 1995 akiwa kijana, akafunzwa kufuma sweta kule Machakos. Mwaka 2000 huko Sydney alishinda nishani ya dhahabu ya mita 5,000 kwa watu wasioona. Mkimbiaji kipofu hukimbia na mwenzake anayeona, na kamba fupi huwaunganisha mikono. Siku ile mwenzake ndiye aliyeishiwa nguvu karibu na mwisho, na Wanyoike ndiye aliyemvuta mpaka kwenye mstari. Basi wanapokuja hapa wasioona, wasiosikia na wasiotembea, msidhani mtakuwa mnawavuta ninyi siku zote. Kinachotakiwa ni mtu wa kushika upande wa pili wa kamba mwanzoni.

Sasa nije kwenye hofu, maana hofu yenu naijua; ilikuwa yangu. Mtasema, “Kazi yetu ni ya hatari.” Kweli, ni ya hatari. Sisemi tumweke asiyesikia njiani ambako gari la moshi linapita, asisikie honi. Huo ungekuwa uuaji. Wala sisemi mwenye magongo apande juu ya tangi. Lakini reli si njia peke yake. Kuna meza za mafundi, kuna kuchomea, kuna umeme, kuna ushonaji wa viti vya mabehewa, kuna stoo, kuna tikiti, kuna hesabu, kuna simu za ofisini. Swali si “Anaweza kufanya kazi ya reli?” Swali ni “Kazi ipi, na tubadilishe nini?”

Na mara nyingi cha kubadilisha ni kidogo. Nitataja machache ambayo fundi yeyote hapa anaweza kuyafanya:

Kengele ya kreni iongezwe taa inayowaka na kuzimika, asiyesikia aione. Hata anayesikia itamfaa, maana nyundo zikianza nani husikia kengele?

Njia ya kupita watu ipigwe rangi sakafuni na isiwekwe vyuma. Hiyo humfaa mwenye magongo, asiyeona vizuri, na wewe unayebeba mzigo.

Kazi iandikwe kwenye karatasi au ubao asubuhi, isipigiwe kelele tu.

Meza moja ishushwe kimo kwa mtu wa kiti cha magurudumu, na ngazi mbili za mlangoni ziwekewe mteremko wa saruji.

Vijisanduku vya nati na misumari stoo viwekwe siku zote mahali pamoja, na viandikwe kwa nukta kwa asiyeona. Wala kompyuta ya ofisi si kizuizi, maana ziko programu zinazomsomea kwa sauti.

Juu ya lugha ya mikono nina neno. Wafanya kazi wa reli ndio watu wa mwisho katika Kenya wanaoweza kusema lugha ya mikono ni ngumu! Kazi yetu yote ni ishara. Bendera nyekundu, bendera ya kijani, taa usiku, mkono juu, mkono chini, njoo polepole, simama. Dereva akiwa ndani ya injini inayonguruma hasikii sauti yako hata kidogo. Wakati ule yeye na kiziwi ni sawa, na mnaelewana bila taabu. Kama tumeweza kupanga gari lote la mizigo kwa mikono miwili, tutashindwa kujifunza ishara za “chukua”, “acha”, “hatari” na “umefanya vizuri”?

Sasa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi atenge kwa watu wenye ulemavu nafasi zisizopungua 5 katika kila 100. Muswada wake ulipelekwa katika Seneti na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Tena mwajiri anatakiwa kulipa shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanya kazi, ziende kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, ile tunayoiita NITA, kwa ajili ya kufundisha watu kazi. Kwa hiyo tukimwomba mwajiri nafasi za wanafunzi hawa, hatuombi sadaka. Tunamkumbusha wajibu.

Lakini sheria haina mikono. Waajiri wakiulizwa mbona nafasi hizo ziko tupu, husema, “Tulitangaza, hatukupata mwenye ujuzi.” Na mwenye ujuzi atatoka wapi, kama kila karakana inamfungia mlango akiwa mwanafunzi? Anaambiwa hana kazi kwa kuwa hana uzoefu, na hana uzoefu kwa kuwa hakupewa kazi. Huo ni mduara, na sisi mafundi ni sehemu ya mduara huo. Tunaweza kuukata.

Mtaniuliza, “Na yule kijana wa kwanza?” Nilimtafuta. Ilinichukua Jumamosi nne. Nilimpata kwenye jua kali, anachomea mageti kibandani kwa mtu. Hakumaliza chuo, bila atachimenti hakupata cheti, na bila cheti analipwa nusu ya anacholipwa mwenzake aliye kando yake. Nilitazama kazi yake. Ndugu zangu, mshono wake umenyooka kuliko wangu, na mimi nina miaka mingi katika kazi.

Alinikumbuka mara moja. Mimi sikujua ishara hata moja, nikasimama kama mti. Akachukua chaki, akaandika juu ya bati: “Nilitaka wiki 12 tu.” Kisha akafuta kwa kiganja, akaendelea na geti lake.

Nimekwenda kwake mara nyingine tangu siku ile. Sasa ananifundisha ishara, na ananicheka sana. Chuo chake nimekiuliza. Wamesema akipata mahali pa kumalizia atachimenti, watamtazamia njia ya kumaliza. Sijui kama atataka kurudi kwa watu waliomkataa. Hilo ni lake kuamua. Letu ni kuhakikisha mlango uko wazi akija.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu upokee mambo matano, yapigiwe kura mkutano ujao:

1. Katibu wa tawi amwandikie mwajiri, kwamba kila mwaka katika nafasi za atachimenti zitengwe nafasi kwa wanafunzi wenye ulemavu, zisizopungua kiasi kile cha sheria, 5 katika 100. Na kama nafasi zetu ni chache kuliko 20, basi isikose hata moja.

2. Kila mwanafunzi huyo apewe fundi mmoja wa kumshika mkono tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Majina ya mafundi wanaokubali yaandikwe leo. Langu liandikwe la kwanza.

3. Katika mapatano yajayo na mwajiri, chama kidai kwamba mwanachama akiumia kazini, asizungumziwe kuondoka kabla hajapewa nafasi ya kufundishwa kazi nyingine inayomfaa.

4. Mara mbili kwa mwaka mafundi wawili au watatu waende vyuoni, wawaeleze wanafunzi wenye ulemavu kazi zilizoko, vyeti vinavyotakiwa, jinsi ya kujiandaa na mtihani wa gredi, na jinsi ya kuandika barua ya kazi. Tuwaambie pia wajiandikishe kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, maana bila kadi ile nafuu nyingi huwapita, hata ile ya kodi ya mshahara.

5. Kila mwanachama atoe shilingi 20 kwa mwezi. Nimepiga hesabu: watu 300 ni shilingi 6,000. Zitafaa kwa mkalimani wa ishara siku za kwanza, kwa nauli ya mwanafunzi, na kwa kofia na viatu vya kazi. Shilingi 20 haipati hata chai na mandazi siku hizi.

Mzee mmoja ameniuliza nje, kabla ya mkutano, “Kijana, kuna watoto wetu wazima wasio na kazi, wewe unaleta wa watu wengine?” Nilimjibu kwa heshima, na nawajibu ninyi nyote. Mzee, nafasi hizi hazimpokonyi mtoto wako kitu. Mwajiri anapozoea kuchagua watu kwa miguu na masikio, siku moja atakuchagua wewe kwa umri, na kesho atamchagua mwanao kwa kabila. Chama kilianzishwa ili mtu apimwe kwa kazi yake. Tukiacha hilo kwa mmoja, tumeliacha kwa wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nimemaliza. Rafiki yangu wa mguu mmoja yuko nje barazani. Hakutaka kuingia, amesema yeye si mwanachama tena, asije akavunja kanuni. Naomba Mwenyekiti aamue kama aingie aketi nasi tunapoandika majina.

Umoja ni nguvu.

(Mwenyekiti alimwalika ndani, akapewa kiti cha mbele. Majina ya mafundi kumi na mmoja yaliandikwa siku hiyo. Anayetaka kuongeza jina lake amwone Katibu kabla ya mkutano ujao. – Mhariri)